Ubao wa Aya Mlangoni pa Ghala la Chai

Mwenyekiti wenu wa vijana alinifuata nje ya kanisa baada ya ibada, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, nikajua ana haja. Alitaka niwaandikie namna ya kutafakari Neno na kuliishi kazini. "Wewe, mzee, uliongoza maombi ya asubuhi kule ghalani miaka mingi," akasema. Ni kweli, niliyaongoza. Lakini hata mchukuzi hubeba magunia ya sukari kutwa nzima, jioni akarudi nyumbani akanywa chai isiyo na sukari.

Nimekubali kuandika kwa sababu ya simu zenu. Mjukuu wangu alinipa simu yake ya zamani, na tangu kwaya yenu igombane juu ya rangi ya sare, nimekuwa nikiona mnavyobandika aya pale ambapo kila mtu hupita kusoma. Juzi dada mmoja wa sauti ya kwanza alibandika kwamba ulimi ni moto. Kabla chai yangu haijapoa, mwenzake wa sauti ya pili akambandikia kibanzi na boriti. Hakuna aliyetajwa jina. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Mchezo huo mimi niliucheza kabla hamjazaliwa, kwa chaki, na nilikuwa bingwa. Uliniweka mbali na rafiki mmoja, mtu ambaye nilikuwa na neno moja tu la kumwambia. Nilizunguka Biblia nzima kutoka Mwanzo hadi Ufunuo ili nisiliseme.

Nilikuwa karani wa ghala la chai, Shimanzi, hapa hapa kisiwani Mombasa. Chai ilishuka kutoka bara kwa malori, ikalala kwetu ikingoja mnada, kisha ikaenda bandarini. Kazi yangu ilikuwa kujua kila shehena imepangwa wapi, na kuhakikisha inatoka kama ilivyoingia. Kwa kusikia ni kazi rahisi. Shida ni kwamba chai ina pua. Kila kilicho jirani nayo inakivuta na kukihifadhi. Ukiilaza karibu na ng'onda, yule samaki wa kukaushwa, asubuhi una ng'onda. Ukiilaza karibu na sabuni, mnunuzi wa mbali atadhani amelamba beseni.

Kwa hiyo tulikuwa na sheria. Kitunguu hakikuingia, wala samaki mkavu, wala mafuta ya taa. Asubuhi niliwanusa wachukuzi mikono kama mama anayekagua watoto kabla ya shule. Mlinzi wetu wa lango, Bwana Athmani, mwenyeji wa Kibokoni, kila Ijumaa alikuja kazini amejipaka mafuta ya waridi tayari kwa msikiti, na siku hiyo hakuvuka kizingiti. Ukimwita aingie alikuwa anajibu, "Ijumaa mimi ni bidhaa ya hatari, Karani. Nipangeni nje."

Magunia tuliyaweka juu ya mbao, si sakafuni, na kati ya magunia na ukuta tuliacha nafasi ya mtu kupita kwa ubavu akakague mvua kama imepenya. Kujua hali ya ndani tulitumia bambo, kile kichuma chenye mfereji. Unachoma gunia, unavuta, majani kidogo yanakujia kiganjani, unanusa. Nawaeleza haya kwa kuwa machache ninayoyajua juu ya kusoma Biblia niliyajua kwa bambo. Aya ukiipita juu juu, umeona gunia tu. Huna budi kuichoma hadi ndani. Na kabla ya hapo lazima kiganja chako kiwe hakina harufu, la sivyo utanusa kiganja chako mwenyewe na kuapa kwamba ni chai. Somo hilo niliwafundisha wachukuzi wapya kila mwaka. Wote walilishika, isipokuwa mwalimu.

Mlangoni pa ghala palikuwa na ubao mweusi. Sehemu ya chini tuliandika malori ya siku na safu za kupangia. Juu palibaki mstari mtupu. Mimi nilikuwa kijana wa bara, nimetoka kidato cha nne na mwandiko unaosifiwa, na nafasi tupu ubaoni ilikuwa ikiniwasha. Nikamwomba meneja niandike pale aya ya siku. Akakubali, kwa kuwa haikumgharimu kitu. Kila asubuhi kabla ya lango kufunguliwa Wakristo tulikusanyika mbele ya ubao, nikasoma, nikaeleza kidogo, tukaomba. Waislamu walingoja kivulini kwa adabu, na ombi langu likirefuka waliitikia amina kabla sijafika mwisho, wakijua nitaona haya kuendelea.

Nilijifunza ufundi wa ubao. Chaki ukiiloweka katika maji ya sukari, maandishi hung'aa na hayafutiki kwa bega la mpita njia. Aya ndefu huibana herufi, na herufi zilizobanana watu hawazisomi. Kwa hiyo, ngoja niwaambie siri ya kazi: kwa muda mrefu niliwalisha watu Neno kulingana na upana wa ubao. Mithali zilipata nafasi sana. Paulo, na sentensi zake zile, alipata kwa nadra.

Huyo rafiki niliyemtaja ni Mwadime. Alikuwa serahangi wetu, yaani mkuu wa genge la wachukuzi, Mtaita, mtu wa kelele. Alicheka kwa sauti, aliomba kwa sauti, na alitukana kwa sauti, na yote hayo ungeweza kuyasikia kabla ya chai ya saa nne. Chumba chetu cha kwanza, pale Majengo, tulikipanga pamoja. Yeye nilimpa upande wa dirisha, kwa kuwa alikuwa akikoroma na nilitaka sauti itoke nje. Nilipougua malaria ndiye aliyenipikia uji, uji mbaya sana, akakaa kunitazama mpaka nikaumaliza.

Sasa, masika moja ilikuja mvua ya kung'ang'ania. Kulikuwa na mfanyabiashara wa viungo huko Mji wa Kale ambaye nilipenda kupita dukani kwake na kuketi kidogo, nionekane najuana na watu. Akanijia ghalani amelowa. Paa la stoo yake lilikuwa likivuja na alikuwa na magunia ya tangawizi kavu hana pa kuyaweka. "Karani," akasema, "si wewe ndiye mwenye ufunguo?"

Maneno hayo, mwenye ufunguo, yalinipanda kichwani. Hakunipa kitu. Angenipa kitu ningekuwa leo na kisingizio kinachoeleweka.

Mwadime alilisogelea gunia la kwanza akalinusa. "Hii si tangawizi?"

"Ni ya usiku mmoja tu."

"Wewe si ndiye unayetunusa mikono?"

"Na wewe si ndiye unayepanga ninaposema panga? Karani ni mimi, Mwadime."

"Haya, Karani. Wewe ndiwe pua."

Usiku mmoja ukawa juma zima la mvua. Shehena ile ilipopelekwa kwa waonjaji wa mnada, waliitema. Meneja akateremka ghalani, akatukusanya mbele ya ubao, akauliza nani aliyeweka tangawizi kando ya chai. Nilikuwa nimesimama chini ya aya niliyoiandika asubuhi ile. Aya yenyewe nimeisahau, jambo linalowaonyesha jinsi nilivyokuwa nikitafakari. Nikakisikia kinywa changu kikisema, "Huenda wachukuzi walikosea, bwana."

Kisha Mwadime akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "La, bwana meneja. Karani alisema yawekwe, nami nikayapanga nikijua. Tumekosa sote wawili."

Mimi nilikuwa nikitazamiwa kuhamishiwa ofisi kuu. Hilo lilikufa palepale. Mwadime alivuliwa userahangi, akarudi kubeba magunia bega kwa bega na vijana aliokuwa akiwaamuru, kwa msimu mzima. Mtu mwenye akili zake angeona kwamba yule alikuwa amenisaidia kubeba nusu ya mzigo wangu. Mimi nikamwona msaliti. Nikahama Majengo, ambako siku hizo tulipanga vyumba vya jirani, kila mtu na mkewe, nikapanga kingine Bondeni, na majirani nikawaambia nimechoshwa na mkoromo.

Kesho yake asubuhi niliandika ile zaburi ya mtu aliyeinuliwa kisigino na rafiki wa kula naye. Niliisoma nikitazama paa, nikaieleza kwa upole mwingi. Mwenye kinyongo hasikii sauti tamu kuliko yake mwenyewe inapokuwa ya upole. Siku zilizofuata nikaandika Yakobo juu ya ulimi. Nikaandika Mithali juu ya mchongezi na kuni. Nikaandika hata pale Mhubiri anaposema nzi waliokufa huyavundisha manukato ya fundi, mimi niliyevundisha chai ya watu kwa tangawizi, na chaki haikutetemeka mkononi.

Msinielewe vibaya, nilikuwa natafakari sana siku hizo. Sijawahi kuisoma Biblia kwa bidii kama nilipokuwa nikimtafutia Mwadime aya. Nilikuwa naamka mapema. Mke wangu, ambaye tulikuwa tumeoana karibuni, aliwaambia wenzake kanisani kwamba Roho amenishukia.

Aliyenishtukia alikuwa Bwana Athmani. Asubuhi moja, wachukuzi wameshatawanyika, aliisogelea aya akiwa na kikombe chake cha kahawa, akaisoma mara mbili.

"Karani, nikuulize. Hii ni aya ama ni leso?"

Kwa ninyi mliokulia nje ya Mombasa: huku mwanamke akikwazwa na jirani, hagombani naye. Huenda madukani akachagua leso yenye maneno yanayomwenea yule jirani, akajifunga, akapita mbele ya mlango wake kana kwamba anakwenda kununua mahamri. Maneno yako mgongoni. Akiulizwa, ni nguo tu.

"Ni Neno la Mungu," nikamjibu.

"Sikatai. Na leso ni pamba. Mimi nauliza wamvalia nani."

"Bwana Athmani, haya ni mambo ya imani yetu."

"Kweli, nimekosa adabu, niwie radhi." Akanywa kahawa yake. "Basi tu mke wangu, kila jioni nikirudi anichunguza. Hasemi hata shikamoo ya mume. Aniuliza, yeo karani amevaa ipi?"

Nilikasirika. Kesho yake nikaandika juu ya wale wanaoketi barazani pa wenye mizaha. Athmani akaisoma kutoka langoni, akaivua kofia yake ya vito akaishika kifuani. "Leo nimekumbukwa mimi," akasema. "Ahsante, Karani. Nilianza kuona wivu."

Lakini lililonitesa halikuwa maneno ya Athmani. Lililonitesa ni kwamba Mwadime hakujibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele zake. Nilitaka aje anifokee mbele ya watu ili nimtazame kwa huruma. Badala yake, siku ya Yakobo, alinijia akifuta jasho, vumbi la chai limemkaa mabegani, akaniambia, "Karani, neno la leo limenikamata. Mimi na ulimi wangu huu. Mungu akubariki."

Nilimtazama nione kama ananidhihaki. Sikuona kitu. Ikawa desturi. Namrushia jiwe asubuhi, adhuhuri analirudisha limekuwa mkate, na asante juu. Na ubaya zaidi, alibadilika. Walipomrudishia userahangi wake alikuwa ameacha matusi. Wachukuzi wakaja kulalamika kwangu kwamba siku hizi hawajui serahangi ana haraka lini, maana zamani walipima kwa tusi. Nikiandika juu ya jawabu la upole, anajibu kwa upole. Nikiandika juu ya kunyamaza, ananyamaza, na mimi nikabaki naye kimya siku nzima nikijuta kwa nini nimeiandika hiyo. Watu walianza kusema ubao wa karani una nguvu. Nikaalikwa kunena kwenye semina za wafanyakazi. Niliwahi kufundisha somo la kusamehe pale Kizingo, katika sebule ya mkubwa mmoja yenye mazulia, na watu wakalia. Nilirudi kazini nikampita Mwadime mlangoni bila kumsalimu.

Miaka ikaenda hivyo. Hasira yenyewe ilikwisha mapema, kama njaa inavyokwisha ukikawia kula. Kilichobaki ni aibu, na aibu nayo ina ufundi wake. Nilijua ninalotakiwa kusema. Ni neno moja. Lakini nilikuwa nimezoea kusemewa na Biblia, na kila nilipofungua kinywa ilitoka aya.

Siku Mwadime alipostaafu, aliondoka kabla yangu, niliamua leo ndiyo leo. Nikaloweka chaki katika maji ya sukari, nikaandika pale Bwana anapoagiza kwamba ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana jambo juu yako, iache kwanza, uende mkapatane. Ndefu ile. Niliivunja mistari miwili, nikafuta malori mawili ya siku kupata nafasi. Nikajiambia ataelewa.

Mwadime alisimama mbele ya ubao na koti lake la kuagwa, akaisoma yote kwa sauti yake ile ya zamani. Kisha akageuka.

"Karani, leo umemlenga nani?"

Ghala likacheka. Athmani alicheka mpaka akaegemea lango. Na mimi, ambaye mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu wazi kiasi cha kupitisha lori, nikasema, "Ni neno la wote, ndugu yangu."

Neno la wote. Jihadharini na maneno hayo, mkiyasema na mkiyasikia. Hakuna pango zuri la kujificha kama neno la wote.

Nami nikastaafu. Ubao uliondolewa, sasa pana kioo cha kompyuta kinachoonyesha malori yenyewe, na nasikia hakina nafasi juu. Athmani alitangulia mbele ya haki. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma, na wapo watu wa Kibokoni walioniuliza kama mimi ndiye karani wa leso. Mwadime nilisikia hakurudi Taita. Macho yalimpungukia akachukuliwa na binti yake Wakesho, pale pale Majengo. Kutoka kwangu Bondeni hadi kwao si mwendo wa kumaliza muwa. Nilikuwa nikimpelekea salamu kwa watu, salamu nzuri, nyingine zikiwa na aya ndani.

Basi mwenyekiti wenu aliponiomba makala haya niliketi mezani nikaanza. Niliandika kichwa, nikaandika "Kwanza, chagua wakati wa utulivu." Nikaendelea, nikaandika "Pili." Nikakaa na hiyo pili asubuhi nzima. Nikaitazama simu, nikaona mnaendelea kurushiana zaburi. Dada wa sauti ya kwanza na mwenzake nyumba zao zinatazamana, nawajua wote wawili, mmoja akitwanga mwingine husikia kinu. Nikaona kwamba nikimaliza makala hayo nitakuwa nimeandika tena ubaoni.

Nikachukua Biblia, nikaweka njiti ya kiberiti katika Mathayo tano kuwa alama, nikaibana kwapani nikaenda Majengo. Ndiyo, nilikwenda na Biblia. Mbwa mzee hajifunzi njia mpya ya kuvuka barabara.

Mlango ulifunguliwa na Wakesho, mama mtu mzima sasa. "Shikamoo, baba. Karibu. Niseme ni nani?"

Kabla sijajibu sauti ikatoka ndani. "Ni karani huyo. Msikie anavyofuta viatu."

Alikuwa ameketi kitini kando ya dirisha, amepungua mwili, macho yake yana ukungu. Juu ya mabati kunguru walikuwa wakigombania kitu, kama wanavyogombana mji huu mzima tangu alfajiri. Nikaketi. Tukasalimiana kwa urefu, watoto, wajukuu, miguu, sukari ya damu.

"Umeleta nini, Karani?"

"Nimeleta Neno."

"Najua. Hujawahi kuja mikono mitupu. Haya, soma."

Nikafungua penye njiti, nikaanza ile ya sadaka na madhabahu. Sikuwa nimefika kwa ndugu, akainua kiganja.

"Hiyo uliiandika siku niliyoondoka."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

"Mwadime, lile lilikuwa ni neno la..."

"La wote. Nilisikia. Funga kitabu."

"Ni Maandiko, ndugu yangu."

"Ni Maandiko, na hayatachacha yakifungwa kidogo. Funga. Sema na mdomo wako."

Nilikifunga, nikakiweka mezani. Sijui kama mnajua hali ya mtu aliyezoea kusimama na kitabu mkononi anapoketi bila kitabu. Mikono yangu haikujua pa kukaa. Nilianza nikasita, nikakohoa, akaningoja. Nikasema kwamba siku ya tangawizi nilijua nasema uongo. Nikasema yeye alinibebea nusu na mimi nikamwita msaliti moyoni. Nikasema zile aya zote, tangu kisigino hadi nzi, zilikuwa zake, na kwamba nilizitafuta kwa bidii. Kisha nikasema nisamehe. Neno dogo kuliko aya yoyote niliyopata kuandika. Lingetosha ubaoni na nafasi ya malori yote ikabaki.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Ila msamaha nao ni kama chai. Umekaa humu ndani miaka yote hii hujaja kuuchukua, nikawa naogopa utashika harufu."

"Kwa hiyo ulijua."

"Karani, ghala zima lilijua. Paka wa panya alijua."

"Na mbona ulikuwa ukinishukuru?"

"Mwanzoni? Kukuudhi tu." Akacheka, na nikakisikia chumba chetu cha kwanza katika kicheko hicho. "Ile ya kisigino nilikuombea baraka ili usilale. Na ile ya ulimi pia, nilikushukuru kwa hila. Lakini jioni nikafika nyumbani, huyu Wakesho kamwaga maji, mtoto mdogo. Nikafungua kinywa nimpe tusi lake. Nikauona mwandiko wako mbele yangu. Herufi zako zile nzuri, nyeupe. Tusi likakwama. Sasa ningefanya nini? Neno limeshafika. Aliyelileta, hilo ni shauri lake." Akageuza uso upande wa kelele za paani. "Eliya pale kijitoni, wakati wa njaa, nani alimletea mkate na nyama?"

"Kunguru."

"Umepata kusoma mahali Eliya akimwuliza kunguru anatoka jaa lipi?"

Juu ya mabati mmoja alipiga kelele kama aliyetajwa.

"Basi mimi ndiye kunguru," nikasema.

"Usijipandishe cheo. Yule alitumwa." Akanyoosha mkono akapapasa, akalipata goti langu. "Jambo moja tu Maandiko hayasemi, nami nimeliwaza sana tangu macho yalipoharibika. Hayasemi kama kunguru mwenyewe alionja. Mkate kaubeba mdomoni asubuhi na jioni, safari zote zile. Hatuambiwi kama aliujua hata ladha."

Wakesho akaingia na sinia. Harufu ilitangulia mbele yake, nami nikaitambua kabla ya kuona vikombe, na nikamtazama Mwadime, na usoni pake niliona kwamba alikuwa akiingoja.

"Tangawizi," akasema. "Siku hizi wanaiuza humo humo ndani ya pakiti, imeshachanganywa, na bei imepanda. Tulikutukana bure, Karani. Ulitangulia wakati wako tu."

Wakesho akanimiminia, akaweka kikombe mbele yangu juu ya Biblia iliyofungwa, kwa kuwa meza ilikuwa ndogo. Nilikumbuka kwamba shehena ile niliyoiharibu sikuwahi kuinywa. Niliambiwa tu na watu kwamba imeharibika, nikashughulika na nani wa kulaumiwa.

"Onja," Mwadime akasema.

Nikaonja.